Tasking Manager baada ya miaka saba: nyota nne, na hii habari ya kusahihishwa mbele za watu

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike kuhusu Tasking Manager ya HOT maana kila msimu wa mvua ukikaribia napigiwa simu na wanafunzi wanauliza dada tunaanzaje kuchora ramani, nawaelekeza, wanaanza kwa moto kabisa, alafu baada ya wiki mbili nusu yao hawaonekani tena. Na mi nishajua wanapotelea wapi. Kuchora wanakuweza vizuri tu, wanapotea siku taski yao ya kwanza ikirudishwa. Kwahiyo mambo ya vitufe na muonekano nitapita haraka, hiki kitu cha kusahihishana ndo nitakaa nacho.

Kwa asiyeijua. HOT ni Humanitarian OpenStreetMap Team, kundi linalochora maeneo yenye maafa kwenye OpenStreetMap, yani ile ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, walizaliwa na tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa dunia nzima walikaa kwenye kompyuta zao wakaichora Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setelaiti ili waokoaji wajue barabara iko wapi na majengo yako wapi. Sasa watu wengi wakichora mji mmoja kwa wakati mmoja wanagongana, huyu anachora nyumba ambayo mwenzake kaichora dakika tano zilizopita. Tasking Manager ndo dawa ya hiyo. Eneo linakatwa vipande vipande, ndo hizo taski, unachagua kipande chako unakifunga kwa jina lako, una masaa mawili, unachora majengo na njia, ukimaliza unasema nimemaliza. Anakuja mwingine mwenye uzoefu anahakiki. Akiridhika imepita, asiporidhika anairudisha kwamba inahitaji kazi zaidi, na pale chini kuna sehemu ya kuandika komenti. Bure kabisa, programu yenyewe ni chanzo huria na msimbo wake uko wazi kwenye tovuti ya GitHub, na kila unachochora kinaingia OpenStreetMap ambacho mtu yeyote anaweza kutumia. Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha, unabadilisha juu kule.

Hapa kwetu hii kazi sio ngeni. Kibera ya Nairobi iliwekwa kwenye ramani 2009 na vijana wa palepale Kibera, Dar ikaja Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika, mwaka huohuo Crowd2Map wakaanza kuchora vijiji vya Tanzania. Mi niliingia 2018, mwaka ambao FOSS4G, mkutano wa dunia wa watu wa programu huria za ramani, ulifanyika Dar mwezi wa nane pale ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Kwahiyo ni miaka saba nachora, na kwenye hiyo saba mitano nahakiki kazi za wenzangu.

Mazuri kwa haraka. Ni rahisi kuanza, yani mtu akishajua kutumia mausi ndani ya saa moja anachora nyumba. Ile kufunga kipande inafanya kazi, sijawahi kugongana na mtu. Maelekezo ya mradi yanakaa palepale pembeni ya ramani huhitaji kwenda kuyatafuta. Ukiwa na mtandao wa kusuasua unaweza kuchorea kwenye JOSM, programu unayoiweka kwenye laptopu, badala ya iD inayofunguka kwenye kivinjari, unashusha eneo lako unafanya kazi taratibu alafu unapandisha. Kuchorea kwenye simu sahau, laptopu ni lazima. Na picha za setelaiti zinakula bando sana, vijana wangu wengi wanachora usiku wa manane kwasababu bando la usiku ndo lina bei.

Sasa tuje kwenye penyewe.

Komenti ya mhakiki inakaa kwenye historia ya kipande. Sio yako peke yako, kila aliyeingia kwenye ule mradi akibonyeza kile kipande anaona nani alichora, saa ngapi, nani alirudisha, na aliandika nini. Ukienda OpenStreetMap yenyewe ni wazi zaidi, kila unapohifadhi kazi inakuwa ni furushi moja la mabadiliko na tangu 2014 watu wanaweza kujadiliana chini ya lile furushi, na hata mtu asiye na akaunti anasoma. Na jambo ambalo wageni hawaambiwi, ukishaandika komenti pale huwezi kuifuta wala kuirekebisha, labda wasimamizi wenyewe waifiche. Ukiandika kwa hasira saa saba usiku, asubuhi hasira imekwisha ila maneno yapo, na mwakani yatakuwepo.

Nina mdogo wangu mmoja, sio wa damu, alikuwa mwaka wa pili chuo, msichana mpole anaejituma. Alichora kijiji kimoja cha mkoa wa Mara, nyumba kama sitini hivi, usiku mmoja. Maeneo mengi ya kule kuna nyumba za msonge, zile za duara zenye paa la nyasi. Kwenye mafunzo tulimfundisha kwamba ukimaliza kuchora nyumba bonyeza Q, pembe zinanyooka zinakuwa mraba safi. Dar hiyo ni sahihi kabisa, mabati yote yana pembe nne. Yeye akafanya alichofundishwa. Nyumba sitini za duara zikawa sitini za mraba. Kitufe cha kuzungusha kipo, ni O, ila hakuna aliyemwambia, na hapo kosa ni letu tuliomfundisha, mimi nikiwemo.

Mhakiki aliyemkuta, mradi siutaji na mtu simtaji, akarudisha kipande na kuandika komenti ya Kiingereza ya mistari miwili, maana yake ni kwamba kazi yote hii ni ovyo, mtu asiyeweza kuangalia picha asichore, akamtag jina. Alafu akaenda kwenye sehemu ya maswali ya mradi mzima akaandika tena kwamba jamani angalieni kazi za huyu. Hakusema kosa ni lipi. Neno duara halipo. Kitufe O hakipo.

Nilimpigia simu kesho yake baada ya kuona. Akaniambia, "Dada, kosa nimelikubali. Ila darasa zima wameiona kabla yangu mimi, nimeamka nakuta watu wananitumia picha ya skrini." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia pole, nikamwambia O, akasema sawa dada asante. Hakuchora tena mwaka ule.

Mi kwetu nimelelewa kwamba mtu mzima akikosea unamvuta pembeni, mtoto pia, kumsema mtu mbele za watu ni kumvunjia heshima na mwenye kusema nae anajivunjia. Kwahiyo baada ya lile nikaamua kwenye mradi uliofuata, nilikuwa nahakiki vijana kumi na wanne, kila sahihisho litapita inboksi. WhatsApp kwa mmoja mmoja, na wale nisio na namba zao natumia ujumbe wa ndani ya OpenStreetMap, ule unausoma wewe na aliyekutumia tu. Kwenye kipande chenyewe nisiandike kitu, narudisha kimyakimya alafu namfuata mtu pembeni.

Niliamini kabisa nimepata jibu. Miezi miwili ile imenifundisha vingine na ndo sababu hasa naandika haya.

La kwanza, nilikuwa naandika ujumbe uleule mara kumi na nne. Nyumba za msonge, Q na O, kwa kila mmoja. Wakati namwandikia wa nane, wa tisa alikuwa anarudia kosa ambalo wa kwanza alishalimaliza wiki mbili nyuma, maana hakuna mahali popote pa yeye kuliona. Na zizi la ng'ombe pia hivohivo. Ukiangalia kutoka juu, boma lililozungushiwa miba linaonekana ni duara kubwa jeusijeusi, mgeni anadhani ni jengo analichora kama nyumba. Kuna kijana mmoja wa Simanjiro kwenye kundi, yeye akiangalia tu anajua hilo ni zizi, hapa ndama wanalala, nyumba ndo zile ndogo pembeni. Angeweza kuwafundisha wote kwa komenti moja. Ila mimi nilimfungia mazungumzo kwenye inboksi, ujuzi wake ukafika kwangu ukakwama kwangu.

La pili, wahakiki wengine. Kipande nilichokirudisha kimya, mhakiki mwingine akikikuta hajui mi nimeshaongea na mwenyewe, nae anamrudishia, au anapitisha kazi mbovu kwasababu hajaona sababu iliyoandikwa. Kijana mmoja alipata maelekezo mawili yanayopingana ndani ya siku moja, langu la WhatsApp na la mwingine. Akaniuliza dada nifate la nani. Kwa haki kabisa, angejuaje?

La tatu ndo lililoniumiza. Mwisho wa mradi tulikaa pamoja, soda na karanga, tukawa tunapiga stori, mmoja akasema kwa unyonge kwamba yeye anajua ndo alikuwa dhaifu kuliko wote maana dada alikuwa anamwandikia kila siku. Mwingine akamgeukia, akamwambia mbona hata mimi. Wa tatu nae, hata mimi. Wakaanza kufungua simu zao wanaoneshana meseji zangu, ni zilezile neno kwa neno. Kumi na wanne, kila mmoja miezi miwili anaamini ni yeye peke yake asiyejua. Nilikuwa nawafichia aibu, kumbe nimempa kila mmoja aibu yake ya kukaa nayo peke yake. Wangeona kwenye vipande kwamba kila mtu anarudishiwa, hata mimi dada yao narudishiwa, wangejua ni kazi tu.

Kwahiyo mtu akiniuliza leo hadharani au faragha, nasema kosa la kazi liandikwe hadharani. Lazima. Ramani ni ya wote, sababu za kilichobadilishwa ziwe za wote, na anaekuja baada yako ajifunze bila kuuliza. Ila liandikwe likiwa ni la kazi. Nyumba hizi ni za duara, bonyeza O badala ya Q, mfano wa moja niliyorekebisha huu hapa. Basi. Hapo hamna mtu aliyevunjiwa heshima. Likishaanza kuwa la mtu, kwamba wewe unarudia, wewe huangalii, wewe una haraka, hilo halina faida kwa msomaji wa tatu hata mmoja, lipeleke inboksi na ulipeleke kwa salamu.

Na hapa kwenye salamu naomba mnisikilize vizuri. Komenti nyingi pale zinaandikwa Kiingereza na watu walioko mbali, ni watu wema tu, wamezoea ufupi. Maneno matatu, rekebisha hii, nukta. Kwao ni kawaida, hakuna ubaya. Kwa kijana wa Musoma aliyekesha anachora, maneno matatu bila salamu ni kama kofi. Kiswahili hakianzi hivyo. Sisi hata ukienda kumdai mtu hela unaanza na habari za asubuhi, watoto hawajambo, alafu ndo unasema nimekuja kwa jambo moja. Nimejaribu kwa macho yangu, taski ileile, kosa lilelile, ukianza na "Habari ndugu, pole na kazi, nimepita kwenye kipande chako" alafu ndo ukasema nyumba tatu za kaskazini zimekaa juu ya paa badala ya msingi, mtu anajibu, anauliza, anarekebisha. Ni mstari mmoja zaidi. Mhakiki asiyejua Kiswahili nae aweke hata Habari na Asante, yanatosha, mtu anajua ameonwa.

Kuna siku naikumbuka sana. Nilishiriki kidogo kazi ya kuhakiki mitaro kwenye mtaa mmoja wa bonde la Msimbazi, Dar. Tulichapa ramani kubwa tukaitandika mezani ofisi ya serikali ya mtaa, wakazi wakaitwa waangalie. Mama mmoja wa makamo akainama akaangalia muda mrefu, akaweka kidole, akasema mbele ya watu wote, "Wanangu, hongereni, mmefanya kazi kubwa. Ila huu mtaro hauendi huku. Unaishia hapa nyuma ya hii nyumba, mvua ikija maji yote yanaingia kwangu." Kijana aliyechora ule mtaro alikuwa amesimama palepale. Akasema shikamoo mama, naomba unioneshe. Wakatoka wote wawili wakaenda kuangalia, wakarudi na matope miguuni, kijana akafuta mstari kwa kalamu nyekundu akachora upya. Watu wote wameona amekosea, na hakuna aliyeona aibu, maana mama aliwaita wanangu, alishukuru kwanza, alisema mtaro unaenda wapi, na alikuwa tayari kwenda kuonesha. Alafu jambo lenyewe lilimhusu, maji yanaingia kwake. Kusahihishwa hadharani ni hivyo kunatakiwa kuwe, na mezani pale kunawezekana kirahisi kwasababu mnatazamana usoni. Kwenye kisanduku cha komenti uso haupo, kwahiyo ule uso inabidi uandikwe kwa maneno.

Hili sio tatizo la ramani peke yake. Linux, ambayo ndo imo ndani ya hizi simu za Android tunazotumia wengi, kazi yake inahakikiwa hadharani kwa barua pepe ambazo yeyote anaweza kusoma, na kwa miaka mingi Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha, alijulikana kwa kuwaandikia watu maneno makali mle. Septemba 2018, mwezi uliofuata tu baada ya ule mkutano wetu wa Dar, akaomba radhi hadharani, akasema anakaa pembeni kwa muda apate msaada wa jinsi ya kuelewa hisia za watu, na mwezi huohuo mradi ukapata kanuni mpya ya maadili. Kilichonigusa mimi ni kwamba hawakuhamisha uhakiki kwenda sirini. Kazi inasahihishwa wazi mpaka leo. Walichokigusa ni namna ya kuongea. Na wengi wa Linux siku hizi wanalipwa na makampuni, wetu huku hawalipwi hata hela ya bando. Mtu anaejitolea malipo yake ni kuona kazi yake ina maana, ukimnyang'anya hiyo hujamwachia kitu.

Sasa kurudi kwenye programu yenyewe na kwanini nimekata nyota moja.

Mi ningetaka mhakiki asiweze kurudisha kipande bila kuandika sababu. Nimeona vipande vimerudishwa na komenti ni tupu kabisa, mchoraji anapata taarifa kwamba kazi yako inahitaji kazi zaidi, kazi gani? Anaangalia anaona kila kitu sawa kwa macho yake. Ukimya huo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko hata ukali, mkali angalau umejua anakuona. Na kuna kimya kingine cha ndani zaidi, mhakiki anaona kosa anarekebisha mwenyewe anapitisha, anaona amemsaidia kijana. Kijana anapata taarifa imepita, anafurahi, anaenda kukosea hivohivo kwenye kipande kinachofuata. Huyo umempenda lakini hujamfundisha.

Ningetaka pia mgeni ajulikane ni mgeni kabla hujaanza kuandika. Kiwango cha mchoraji unaweza kukiona ukifungua wasifu wake, ila mhakiki mwenye vipande arobaini vya kumaliza hafungui wasifu wa kila mtu. Ingeandikwa kubwa palepale kwenye sehemu ya komenti, hii ni kazi yake ya kwanza, nadhani mikono mingi ingepunguza kasi.

Na shukrani. Kipande kikipita mtu anapata taarifa tu kwamba kimepita. Wahakiki wengi wakipitisha hawaandiki, wakirudisha ndo wanaandika. Kwahiyo ukisoma historia ya mradi mzima unakuta maneno yote yaliyopo ni makosa, kama vile hakuna aliyechora vizuri. Mi siku hizi kila vipande vitano nilivyopitisha kwa mtu naandika komenti kwenye kimoja, barabara umezifuata vizuri kwenye msitu hapa, au hongera umeona daraja ambalo hata mi nilikuwa nalipita. Inachukua sekunde kumi. Na inaandikwa palepale wazi, ili darasa zima wapigiane picha za skrini za hilo pia.

Kitu kimoja nakisifia bila masharti kipo kwenye iD, sio kwenye Tasking Manager. Unapohifadhi kazi kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki kwamba ningependa mtu ahakiki kazi yangu. Kidogo kabisa, wengi hawakioni. Ila kinageuza kila kitu, maana hapo mchoraji ndo kaomba. Mtu aliyeomba akisahihishwa mbele za watu anasema asante, hata iwe sokoni. Wanafunzi wangu wote sasa nawaambia waweke tiki mwezi wa kwanza mzima. Na upande wa mhakiki, ukiona ile tiki unajua mlango uko wazi, huingii kwa kuvunja.

Mradi wa mwisho niliousimamia tulifanya hivi. Kabla hatujaanza niliandika kwenye maelekezo, juu kabisa, makosa manne ambayo watu wote hufanya maeneo yale, bila jina la mtu, na la kwanza nikaandika ni langu na nikaweka linki. Mwaka 2018 nilichora korongo kavu la Dodoma nikaliita barabara, kilomita kadhaa, mchanga mweupe umenyooka vizuri kabisa ukiutazama kutoka juu unaapa ni njia ya gari. Lilikaa hivyo miezi mpaka mtu akaandika chini ya kazi yangu. Kijana yeyote akibonyeza anaona dada yao alikosea nini na alijibu nini. Kwenye vipande tukaandika wazi, fupi, kwa Kiswahili, kosa na namna ya kulirekebisha. Yule wa Simanjiro nikampa kuhakiki maboma yote, anaandika mwenyewe. Na inboksi nikaitumia mara mbili tu mradi mzima, mmoja alikuwa amefiwa na kazi yake inaonesha kabisa hayupo, mwingine alikuwa anajaza vipande haraka haraka ili aonekane wa kwanza. Hao wawili mambo yao hayakumhusu mtu mwingine.

Kati ya kumi na moja walioanza, tisa walifika mwisho. Mradi ni mdogo na sitaki kuutumia kama ushahidi wa kitu kikubwa, naeleza tu ilivyokuwa.

Yule mdogo wangu wa Mara, zile nyumba zake sitini nilizirekebisha mimi mwenyewe Jumapili moja. Moja moja, unachagua, O, unahamia nyingine. Kwenye OpenStreetMap kila nyumba inabeba historia yake, ya kwanza jina lake, ya pili jina langu, na ya kwanza haifutiki, yeye ndo aliyeiona ile nyumba akaiweka duniani. Chini ya furushi lake la kazi, palepale wazi, nikaandika asante kwa kuchora kijiji hiki, nyumba zote zilikuwa mahali pake sahihi, nimezizungusha tu. Mfumo ulimtumia barua pepe. Alinipigia jioni yake, tukaongea mambo mengine kabisa, ya mitihani na ya mama yake, ramani hakuitaja na mi sikuitaja.

Kwa wanaotaka kuanza msimu huu: laptopu yoyote inayofungua intaneti bila kukwama, mausi ya waya maana kwa padi ya kugusa utaumwa mkono, akaunti ya OpenStreetMap, alafu ingia Tasking Manager chagua mradi wa wanaoanza. Anza na kipande ambacho wenzako wameshamaliza cha jirani, soma historia yake yote kabla hujachora, komenti zake ni mafunzo mazuri kuliko video yoyote. Weka ile tiki ya kuomba uhakiki. Na ukichora vijiji vya Mara au Manyara, kabla hujabonyeza Q kuza picha uangalie kivuli cha nyumba, kama kimechongoka na paa limezunguka, hiyo ni msonge, bonyeza O.